Kusoma uzamili wa usanifu majengo huku uko kazini: njooni tuambiane ukweli

Kalamu ya Risasi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwezi napata ujumbe inboksi wenye swali lile lile: je, mtu anaweza kuajiriwa ofisi ya wasanifu na kusoma uzamili kwa wakati mmoja? Huwa najibu "inawezekana", halafu nabaki najisikia mwongo. Siyo kwamba haiwezekani. Ni sawa na kumwambia mtu mto unavukika halafu usimwonyeshe kivuko. Nimebakiza muhula mmoja kati ya sita, acha nimwage yote hapa, ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Nilimaliza shahada ya kwanza, nikaajiriwa ofisi ndogo ya watu tisa, nikakaa miaka miwili nachora ngazi, vyoo na majedwali ya milango. Nikaomba uzamili wa muda, ule wa miaka miwili unaotandazwa hadi mitatu. Kijitabu cha kozi kilisema chuoni ni siku moja kwa wiki. Bosi akasema sawa, siku hiyo nenda, saa zake utazifidia jioni. Nikajiona mjanja.

Hiyo "siku moja" ndiyo iliyoniponza. Ni siku ya kukaa na mwalimu na kumwonyesha michoro, na michoro haijichori. Hesabu nilikuja kuipiga muhula wa pili, maji yakiwa shingoni. Chukueni mfumo wa krediti wa Ulaya, kwa sababu uko wazi: uzamili wa miaka miwili ni krediti 120 za ECTS, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Tuseme 25 tu. 120 mara 25 ni saa 3,000. Gawa kwa miaka mitatu, saa 1,000 kwa mwaka. Ukitoa likizo zikabaki wiki 40, ni saa 25 kila wiki. Siku ya chuo inakupa nane. Hizo 17 zilizobaki zinatoka mfukoni mwako: usiku, Jumamosi, Jumapili. Jumlisha na saa 40 za ofisi, unapata 65. Na hapo ni kama hakuna mkandarasi aliyepiga simu saa kumi na moja jioni kwamba nguzo imekaa pasipo.

Nilirudi kwa bosi na hiyo karatasi ya hesabu. Sikumpa malalamiko, nilimpa namba. Tukakubaliana siku nne kwa wiki, mshahara ukapungua moja ya tano, na saa za siku ya chuo sizifidii tena jioni. Sasa ni 32 na 25, jumla 57. Bado ni mzigo, lakini angalau unapata pumzi. Ningeanza hivyo tangu siku ya kwanza nisingepoteza muhula mzima nikisinzia kwenye basi.

Lakini saa siyo shida kubwa. Shida kubwa sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote.

Ofisini unalipwa kufunga maswali. Studio ya chuo, yaani somo la kubuni, inataka uyafungue. Ni kichwa kimoja, na hakibadiliki kwa kuvua shati la kazi.

Jopo langu la kwanza, yaani kikao cha kukagua na kuhoji michoro yako, nilipeleka mradi wa maktaba. Ngazi nimezipiga kwa ile kanuni ya François Blondel ya karne ya 17, kimo cha kidato mara mbili ukijumlisha na kina cha kukanyagia, yangu ilikuwa 17 na 17 na 29, sentimita 63, safi kabisa. Vyoo vimekaa ghorofa juu ya ghorofa ili mabomba yashuke mstari mmoja. Nguzo kila mita nane ili chini yaingie magari matatu kati ya nguzo na nguzo. Mwanajopo mmoja akaitazama kwa muda mrefu, kimya, kisha akauliza: "Kwa nini mtu atoke kwake aje hapa?" Nilikuwa na jibu la kila kitu isipokuwa hilo.

Kinyume chake pia kilinipata. Wiki moja nimetoka studio moto kweli kweli, bosi ananipa jedwali la milango la jengo linalopanda. Asubuhi nzima nikawa najiuliza kama mapokezi yanahitaji mlango au yanahitaji kizingiti tu, na faragha inaanzia wapi. Fundi wa fremu alikuwa anasubiri upana kwa milimita. Alisubiri hadi saa tisa, na aliyenisemesha hakuwa fundi.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo hadi naona aibu kukitaja: kazi ya chuo siianzii kwenye kompyuta. Mkono wangu kwenye kompyuta ni mkono wa ofisini, unachora ukuta wenye unene, plasta na tabaka la kuzuia maji kabla sijajua kama huo ukuta unahitajika. Nikishika penseli na karatasi laini, mkono unakuwa mjinga tena. Wiki tatu za mwanzo wa kila mradi ni penseli, udongo na kadibodi tu.

Basi, ulizeni. Na waliopita njia hii wasahihishe nilipokosea.

Mchanga na Kokoto

Naweka mkeka hapa kabisa. Mkuu hiyo hesabu ya saa 25 umenitoa jasho, mimi kozi yangu inaanza miezi miwili ijayo na bosi kaniambia "tutaangalia tukifika".

Kalamu ya Risasi

"Tutaangalia tukifika" maana yake ni hapana iliyovaa suti. Omba maandishi sasa: siku gani, saa zinafidiwa au hazifidiwi, na wiki ya jopo inahesabiwa kama likizo ya nani. Wiki ya jopo usiisahau, ndiyo wiki ambayo ofisini kuna dharura. Sijui kwa nini, lakini ni hivyo kila mara.

Bati la Msumari

Mleta uzi nakupinga kidogo kwenye kutenganisha. Mimi nilichukua mradi wa ofisini nikaufanya mradi wa tasnifu. Kiwanja nilikuwa nakijua kama kiganja changu, vipimo ninavyo, ripoti ya udongo ninayo, picha ninazo. Wenzangu wanahangaika kupima kwa hatua za miguu, mimi nachora. Unachora mara moja, unalipwa mara mbili, ubaya uko wapi?

Kalamu ya Risasi

Nilijaribu mwaka wa pili, mkuu, nikaacha katikati. Nilipoulizwa kwa nini jengo limegeuza mgongo kwa barabara, nilijibu "mteja alitaka". Ofisini hilo ni jibu kamili, unaandika kwenye kumbukumbu za kikao na maisha yanaendelea. Chuoni linakuacha uchi. Na kukosoa uamuzi nisingeweza, kwa sababu aliyeuamua ndiye anayenipa ruhusa ya kwenda chuo. Nikajikuta natetea kitu nisichokiamini mbele ya watu wanaonipa alama.

Halafu hiyo ripoti ya udongo uliyoitumia ni mali ya nani? Aliilipia mteja. Uliomba?

Bati la Msumari

Hapo umenikamata. Niliomba kwa mdomo. Mwishoni chuo kikataka kuiweka tasnifu kwenye maktaba ya mtandaoni, ikabidi nizunguke kutafuta sahihi ya mtu ambaye nilikuwa sijawahi hata kumwona. Ilichukua miezi. Lakini msimamo wangu uko pale pale: kiwanja unachokijua ni mtaji. Labda tuseme hivi, chukua kiwanja, acha jengo.

Kalamu ya Risasi

Hapo tuko pamoja.

Mzee wa Rula T

Wanangu, nimesoma uzi wote na miwani yangu miwili. Mnaongea kana kwamba kusoma na kufanya kazi ni jambo jipya mlilobuni ninyi. Kilicho kipya ni kutenganisha.

Zamani msanifu alifundwa ofisini kwa msanifu, jioni akihudhuria darasa kama lipo. Hata pale École des Beaux-Arts, ile shule ya sanaa ya Paris, shule ilitoa mashindano na kuhukumu, lakini mwanafunzi alijifunza kubuni kwenye karakana ya bwana wake aliyekuwa anajenga majengo ya kweli. Neno charrette linatoka huko, ni mkokoteni uliopita kukusanya michoro siku ya mwisho, na inasimuliwa kwamba vijana waliudandia wakiendelea kuchora njiani. Kwa hiyo hata kuchelewa hamkukuanzisha ninyi.

Nchini Uingereza mlango ulifungwa mwaka 1958, kwenye mkutano wa RIBA, chama cha wasanifu majengo wa Uingereza, kule Oxford chini ya uenyekiti wa Leslie Martin. Ikaamuliwa elimu ya usanifu iende vyuo vikuu, kwa muda wote, sifa za kuingia zipandishwe, na ule ufunzwa wa ofisini ufifie. Nchi nyingi zilizofuata mitaala ya huko zikafuata na hilo. Tangu hapo chuo kinailaumu ofisi kwamba haina mawazo, ofisi inakilaumu chuo kwamba kinatoa watu wasiojua mvua inashuka upande gani.

Msidhani naililia zamani. Nilipoanza, kijana wa ofisini alikuwa mashine ya kunakili. Nilikwaruza wino kwa wembe mwaka mzima kabla sijaulizwa maoni yangu. Kama bosi wako anakuita mwanafunzi lakini kila siku anakupa vyoo tu, huyo hakufundishi, anaokoa gharama.

Kalamu ya Risasi

Shikamoo mzee. Hapo pa vyoo umenigusa panapouma.

Mzee wa Rula T

Marahaba mwanangu. Vyoo ni muhimu, lakini siyo miaka miwili.

Dada Mizani

Asante mzee kwa historia. Niongeze ya sasa, maana mlango uliofungwa 1958 umefunguliwa dirisha. Mimi nimepita uanagenzi wa ngazi ya 7, yaani ngazi ya uzamili, huko huko England, mpango ulioanza 2018. Umeajiriwa, ada haitoki mfukoni mwako, na muda wa masomo uko ndani ya saa unazolipwa, kwa hiyo ile fitina ya "utafidia jioni" haipo. Ila wenye nia wajue: kuanzia Januari 2026 fedha za serikali kwa wanaoanza ngazi ya 7 zimebanwa, kwa sehemu kubwa ni kwa walio chini ya miaka 22. Mtu wa uzamili wa usanifu mara nyingi ameshavuka umri huo. Dirisha lenyewe sasa ni kama la choo, mzee.

Wazo la kuchanganya siyo la Waingereza peke yao. Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, kilianza kupishanisha darasa na kazi mwaka 1906, kwa wanafunzi wa uhandisi, chini ya Herman Schneider. Boston Architectural College ilianza 1889 kama klabu ya wachoraji na wasanifu, na hadi leo kazi ya ofisini ni sehemu ya masomo yake. London School of Architecture ilifungua milango 2015 ikiwa na mwaka mzima ambao mwanafunzi yuko ofisini sehemu ya wiki. Tofauti yao na huu "uzamili wa muda" wetu ni moja tu, lakini ni kubwa: kwao chuo na ofisi wanajuana. Kwetu wewe ndiye daraja, na daraja linakanyagwa pande zote.

Mchanga na Kokoto

Dada, swali. Hizi saa ninazofanya ofisini wakati nasoma, zinahesabiwa kwenye usajili wa usanifu au ni sadaka?

Dada Mizani

Inategemea bodi ya usajili ya nchi yako, uliza kabla ya kuanza, siyo baada. Msingi wa kimataifa ni hati ya elimu ya usanifu ya UNESCO na UIA, umoja wa kimataifa wa wasanifu majengo: angalau miaka mitano ya masomo na miwili ya vitendo. Nchi inaamua hiyo miwili ikae wapi. Uingereza kwa miaka mingi wametaka miezi 24 ya uzoefu kabla ya mtihani wa Sehemu ya 3, ule wa mwisho kabla ya kusajiliwa, na sehemu yake unaweza kuwa umeipata kabla ya uzamili. Marekani wanahesabu kwa saa, 3,740 katika AXP, mpango wao wa uzoefu wa kazi, na unaweza kuzikusanya ungali mwanafunzi.

Hapo Marekani angalia mgawanyo, unafundisha hata kama hutasajiliwa huko. Saa 1,520 ni za kuendeleza mradi na michoro ya ujenzi. Kusimamia ujenzi na kutathmini ni 360. Kuendesha ofisi 160. Mwanafunzi aliyeajiriwa anajaza zile 1,520 bila jasho, halafu anakaa miaka hajawahi kuona kikao cha saiti wala mkataba, kwa sababu vikao huangukia siku yake ya chuo. Mwambie bosi wako mapema: kikao cha saiti kiwekwe siku niliyopo.

Na andika saa zako kila Ijumaa. Usingoje mwisho wa mwaka kuzikumbuka, na bosi anayetakiwa kusaini anaweza kuwa amehama.

Ngazi Isiyoisha

Nimekuwa nasoma kimya, acha na mimi niseme, kwa sababu humu wanaongea waliofaulu tu.

Mimi niliacha mwaka wa pili. Ofisi niliyokuwepo (sitaitaja) ilijitolea kunilipia ada, nikasaini haraka kama mtu anayeogopa watabadilisha mawazo. Mkataba ulisema nikiondoka ndani ya miaka mitatu baada ya kuhitimu narudisha ada yote. Siyo sehemu, yote, hata kama nimebakiza wiki moja. Sikuona pia kifungu kwamba nikiacha masomo narudisha vilevile. Basi nikawa mtu asiyeweza kukataa kitu. Kazi ya Jumamosi, ndiyo. Shindano la usiku, ndiyo. Muhula wa tatu nikafeli studio kwa sababu nilipeleka nusu ya michoro, na ofisi ikaniambia nimewaangusha.

Kulipa nimemaliza. Kurudi chuo bado.

Anayepewa ofa ya ada, soma kifungu cha kurejesha. Kinachovumilika ni deni linalopungua kila mwezi unaokaa, na linalokufa wakikuachisha wao. Wasipokubali hilo, kopa kwingine.

Kalamu ya Risasi

Pole sana ndugu yangu. Na asante, hili lilipaswa kuwa juu kabisa ya uzi, siyo hesabu zangu. Mihula uliyofaulu haijafutika? Vyuo vingi hutunza krediti kwa miaka kadhaa, ukawaandikie kabla muda haujapita.

Ngazi Isiyoisha

Niliandika wiki iliyopita. Nasubiri.

Bati la Msumari

Tuombee. Mkuu mleta uzi, kuna kitu hujakigusa: wenzako darasani. Mimi kilichoniumiza kuliko saa ni kwamba wale wa muda wote wanakaa studio usiku kucha pamoja, wanaonyeshana, wanaibiana mawazo, wanachekana. Mimi nafika siku moja, naonyesha, naondoka. Kwenye kazi za kikundi ndiyo balaa, wanakutana Jumanne mchana na mimi niko juu ya paa na mkadiriaji majenzi.

Kalamu ya Risasi

Kweli tupu, na nilikuwa naikwepa kwa sababu sina dawa kamili. Nilichofanya: kwenye kikundi naomba sehemu inayoweza kufanywa peke yako na yenye mwisho wazi, kama kupima kiwanja au kujenga modeli, na naitoa kabla ya wengine ili wasiseme wananibeba. Nikapata pia mwenzangu mmoja wa muda, tunatumiana picha ya mchoro kila usiku bila maneno. Akiona kitu cha kijinga anaweka alama ya swali tu. Alama za swali za yule jamaa zimenifundisha kuliko mihadhara miwili mitatu niliyoisinzia.

Nimalize na swali la programu, limekuja inboksi mara nne: leseni ya mwanafunzi usiitumie kwa kazi ya ofisi. Masharti yake karibu kote yanakataza matumizi ya biashara, na anayeingia matatani ni ofisi pamoja na wewe. Ofisi ikikuomba utumie yako "kwa wiki hii tu", kataa kwa adabu. Na ukitaka kutumia kompyuta ya ofisi kwa kazi za chuo usiku, omba. Niliomba, nikapewa ufunguo, nikajua pia taa ya ngazi inazimika yenyewe saa nne.

Alhamisi nina jopo la mwisho kabla ya tasnifu, kwa hiyo nikipotea siku mbili tatu msinitafute.

Mzee wa Rula T

Kila la heri mwanangu. Safari hii umechora nini?

Kalamu ya Risasi

Maktaba ile ile ya mwaka wa kwanza, mzee. Nimeirudia kuanzia mwanzo.

Mzee wa Rula T

Vizuri. Na mlango umeuweka wapi?

Kalamu ya Risasi

Bado sijaamua.